Barua ya chuo mwenyeji haitoshi kuanza utafiti Tanzania

Ndugu, nimekuelewa: unasoma Nairobi, chuo chako kina ushirikiano na chuo cha Dar es Salaam, na unauliza kama barua yao inatosha uanze kuwahoji wavuvi Kigoma. Haitoshi. Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Kiombe mapema, kabla hujakata tiketi. Ukikipata, shuka nacho mkoani, wilayani, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Huyo usimruke kabisa, maana wavuvi watakuuliza kwanza kama anakufahamu. Mwombe msimamizi mwenyeji akutafutie msaidizi anayejua Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, na malipo yake yaingie kwenye bajeti. Ukitaka pia kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani humo humo, utahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Suala la ukaazi waulize Uhamiaji wenyewe.