Nairobi hadi New York: ni saa 7 au saa 15?

SWALI: Nimemkatia mama tiketi ya Nairobi–New York, ndege ya moja kwa moja, mwezi wa kwanza. Tiketi inaonyesha anaondoka saa 5:25 usiku na kufika saa 12:25 asubuhi, yaani saa 7. Kurudi, anaondoka saa 6:25 mchana na kufika kesho yake saa 4:55 asubuhi, zaidi ya saa 22! Umbali ni upi hasa, na mama atasafiri kwa muda gani? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada yangu, tafadhali usimwambie mama ni saa 7. Kwenda ni saa 15 kamili, kurudi ni saa 14 na nusu. Kwa mtu mzima tofauti hiyo ni kubwa, ajiandae nayo mapema.

Tiketi huandika saa za mahali. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York, na mwezi wa kwanza New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Kwenda, 7 jumlisha 8 ni 15. Kurudi, 22 na nusu toa 8 ni 14 na nusu. Iko pia njia isiyohitaji kujua tofauti ya saa, nami naipenda sana: jumlisha muda wa kwenda na wa kurudi kama unavyousoma kwenye tiketi, kisha gawa kwa 2. Hapa 7 na 22 na nusu ni 29 na nusu. Nusu yake ni saa 14 na dakika 45, ndio wastani wa safari moja. Tofauti ya saa iliyopunguza upande mmoja imeongeza upande wa pili, basi inajifuta.

Umbali ni takriban kilomita 11,840 kwa njia fupi kabisa. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari utapita Nigeria na Mali. Lakini chukua uzi uuvute juu ya tufe: utapanda kaskazini zaidi, Sudan Kusini, Chad, Algeria, Morocco, ndipo uingie Atlantiki. Huo uzi ndio mfupi. Ndege nayo huchepuka kidogo kufuata hali ya upepo na kukwepa anga zilizofungwa, kama ya Sudan baada ya vita kuanza Aprili 2023.

Boeing 787 ikishatulia angani hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na kidogo. Zilizobaki huliwa na kuchepuka, kupanda, kushuka na kutembea uwanjani, kwa kuwa muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka getini hadi inapoegeshwa. Halafu kuna upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi, na majira ya baridi huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kwenda unaizuia ndege, kurudi unaisukuma.

Mama akirudi baada ya Jumapili ya pili ya Machi, Marekani watakuwa wamesogeza saa mbele. Hapo toa 7, si 8.