Antivairasi nzito kwenye mashine ya RAM 4GB: kagua diski kabla ya kuifuta

Mkuu, umesema mashine ni Core i3 ya zamani, RAM 4GB, diski ya kuzunguka (HDD), Windows 10, na tangu uweke antivairasi inakaa robo saa ndipo ikubali kufungua Word. Waliotangulia wamekwambia uing'oe tu. Subiri kidogo.

Antivairasi inakagua kila faili pale inapofunguliwa. Mashine ikiwaka, Windows hufungua maelfu ya faili ndogondogo, na kila moja inangoja ruhusa. Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika haifikishi hata safari 100 za kurukaruka (kusoma faili zilizotawanyika huku na huko) kwa sekunde. SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka), hata ya bei ya chini, inamudu maelfu. Juu ya hapo, RAM 4GB ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski hiyohiyo. Foleni inaanzia hapo.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, kisha bofya kichwa cha safu ya Disk ili wanaokula sana wapande juu. Ukiona diski iko asilimia 100 lakini kasi ni MB 1 au 2 kwa sekunde, ujue kichwa cha diski kinatembea zaidi ya kusoma. Jina "Antimalware Service Executable" ni Defender ya Windows yenyewe, si kirusi, kwa hiyo usihangaike kuiua. Ipe dakika 15 tangu mashine iwake ndipo uhukumu.

Hatua inayosahaulika na wengi: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika fltmc, bonyeza Enter. Inakuja orodha ya vichujio vilivyokaa kati ya programu na diski. Angalia namba za safu ya Altitude: antivairasi hukaa kati ya 320000 na 329999, na WdFilter ndiyo ya Defender. Ukikuta hapo jina la antivairasi uliyoifuta mwaka juzi, au antivairasi za kampuni mbili tofauti ukiacha WdFilter, umempata mchawi. Kila faili inaweza kukaguliwa mara mbili, na wakaguzi wenyewe wanatiliana shaka. Kampuni moja kuwa na mistari miwili si tatizo.

Kuifuta kwa Control Panel mara nyingi huacha mabaki hayo. Pakua kifutio maalumu kutoka tovuti ya kampuni iliyoitengeneza (karibu zote zinacho, bure), kiendeshe ukiwa Safe Mode (Windows ikiwa imewaka na vitu vya lazima tu), washa upya, rudia fltmc. Defender itajiwasha yenyewe. Hakikisha kwenye Windows Security kwamba kweli imewaka. Kwa RAM 4GB mimi ningebaki na Defender peke yake. Antivairasi za kulipia mara nyingi zinakuja na VPN, kisafishaji na kitunza nywila, na kila kimoja kinataka kipande chake cha RAM.

Kama mzigo unakuja wakati wa ukaguzi wa ratiba tu, fungua PowerShell kama msimamizi:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Namba hiyo ni asilimia ya prosesa ambayo Defender inalenga kutumia kwa wastani; kawaida ni 50. Usiweke 0 ukidhani ndiyo ndogo kabisa, maana 0 inaondoa kikomo. Pia haigusi ukaguzi unaouanzisha mwenyewe, na inapunguza kazi ya prosesa zaidi kuliko ya diski, kwa hiyo usitegemee miujiza.

Kama uzito unakuja ukifungua kitu fulani, usikisie. Kwenye PowerShell ya msimamizi andika New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl, fanya lile jambo linalokwama, rudi ubonyeze Enter. Halafu Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10. Itakutajia faili zilizokula muda. Mara nyingi ni zip kubwa, hifadhidata ya programu ya mahesabu, au faili ya PST ya Outlook (ghala la barua pepe zako). Hiyo moja unaweza kuitoa kwenye ukaguzi kupitia Exclusions ndani ya Windows Security. Lakini usitoe Downloads, wala Temp, wala flashi. Flashi inayopita kwenye kompyuta za stationery ndiyo mlango wa virusi vya shortcut, na ukiufungua huo hakuna tena sababu ya kuwa na antivairasi.

Sasa diski yenyewe. Weka CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski), tazama mistari 05 (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na C5, kwenye safu ya Raw Values. C5 ikiwa juu ya sifuri, kuna sehemu diski inashindwa kuzisoma. Ukaguzi ukifika hapo mashine nzima inaganda, na lawama anabeba antivairasi. Nakili data zako kwanza, leo hii, kabla ya kuendesha ukaguzi mwingine wowote.

Ikiwa diski ni nzima na bado hali ni hiyo, dawa ni SSD ya SATA ya inchi 2.5. GB 240 zinatosha kwa Windows na kazi za ofisi. Nyingi zina unene wa mm 7. Nafasi ya laptop yako ikiwa ya mm 9.5, weka fremu ya plastiki isichezecheze. RAM ya pili ifuate baadaye, na usome kilichoandikwa kwenye ile iliyomo kabla ya kwenda dukani. Kama ni DDR3: PC3L ni ya volti 1.35, PC3 ni ya 1.5, na baadhi ya mashine za PC3L zikiwekewa PC3 haziwaki kabisa.