Kupeleka wanafunzi sinema: panga kuanzia saa ya kurudi

Mwalimu anayekabidhiwa ziara ya sinema kwa mara ya kwanza hukimbilia swali la filamu: tuwapeleke kuona nini? Swali hilo lisubiri kidogo. Kwanza uliza wanafunzi wanatakiwa wawe wamerudi getini saa ngapi. Shule ya kutwa ikiwarudisha watoto saa 11 jioni, imewatupa kwenye daladala zilizojaa, saa ambayo konda hamtaki abiria wa nauli ya mwanafunzi. Hapo ndipo simu za wazazi zinapoanza, na ziara ya mwakani inakufa hata kama filamu ilikuwa nzuri.

Tuchukue shule ya Kibaha inayokwenda ukumbi wa sinema wa Mlimani City, Dar es Salaam, ikiwa na wanafunzi 110 na walimu 8. Kurudi shuleni ni saa 9:00 alasiri. Barabara ya Morogoro na foleni zake ipewe dakika 90, kwa hiyo mabasi yaondoke ukumbini saa 7:30. Chakula nusu saa, kuanzia saa 7:00. Kutoka ukumbini kwa watu wengi hivyo ni dakika 10, mazungumzo baada ya filamu dakika 25. Filamu basi iishe saa 6:25. Ikiwa ina dakika 95 pamoja na majina ya mwishoni, ianze saa 4:50 asubuhi. Kukaa na kupewa maelekezo ni nusu saa, vyoo dakika 35, kwa hiyo mfike saa 3:45 na muondoke Kibaha saa 2:15. Sasa unaona kwa nini filamu yenye urefu wa saa mbili na nusu haikufai, hata iwe bora kiasi gani. Kwa safari ya umbali huu usivuke dakika 100.

Dakika 35 za vyoo zinaonekana nyingi mpaka upige hesabu. Wasichana 60, vyoo 4, dakika 2 kila mmoja: nusu saa kamili, na hapo hakuna aliyechelewa. Ukiruka hatua hii, utalipa katikati ya filamu, mlango ukifunguka na kufungwa kila dakika na mwanga wa korido ukipiga skrini.

Jambo dogo linaloharibu siku nzima ni namna ya kuandika saa. Meneja wa ukumbi anafanya kazi kwa 10:50, dereva anafanya kazi kwa saa 4:50. Ukiandika "saa 4" tu kwenye barua pepe, ukumbi unaweza kukuwekea saa kumi jioni. Kila karatasi inayotoka shuleni iwe na saa zote mbili, ya Kiswahili na ya mfumo wa saa 24. Omba asubuhi ya Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Kumbi nyingi asubuhi za siku hizo hazina wateja, kwa hiyo bei inazungumzika. Ijumaa ina swala ya mchana inayokata ratiba katikati. Mwezi wa Ramadhani usipange kabisa.

Kuhusu vibali hatutakaa sana, ila usiruke. Barua ya mkuu wa shule iende kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri wiki nne kabla, ikiwa na jina la filamu, muda wake, daraja la umri lililotolewa na Bodi ya Filamu, idadi ya wanafunzi na majina ya walimu wasimamizi. Shule ya serikali isikusanye hata shilingi moja kabla bodi ya shule na ofisi ya elimu hazijaridhia kwa maandishi, kwa sababu michango ni jambo nyeti tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016. Fomu ya ridhaa ya mzazi iseme filamu inahusu nini kwa sentensi mbili za kweli. Mzazi aliyeambiwa "ziara ya kimasomo" tu, kisha akasikia nyumbani kuwa kulikuwa na busu, ana haki ya kulalamika.

Daraja la umri linachanganya walimu. Kidato cha 3 kimoja kinaweza kuwa na mtoto wa miaka 15 na mwingine wa 18. Filamu za Kenya huja na alama za bodi yao, GE (ya watu wote), PG (mtoto aongozwe na mzazi), 16 na 18. Ukichukua ya 16 kwa kidato cha 3, lazima upitie tarehe za kuzaliwa moja moja, na utajikuta unawaacha watoto kumi shuleni wakinung'unika. Ni afadhali ubadilishe filamu.

Itazame yote mwenyewe kabla, trela haitoshi. Kaa na kalamu uandike dakika: hapa kuna ugomvi wenye damu, hapa kuna mapenzi, hapa kuna tusi, hapa mwanga unamulika kwa kasi. Mstari huo wa mwisho una kazi yake, maana mwenye kifafa anaweza kupata tukio kwa sababu ya mwanga wa namna hiyo. Karatasi hii ndiyo utakayompa mkuu wa shule akiulizwa.

Swali la haki ya kuonyesha filamu, wengi hulipuuza. Filamu uliyolipia kwenye simu, au iliyowekwa kwenye flashi Kariakoo, haikupi ruhusa ya kuwaonyesha watu 118 ukumbini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwenye kazi, na COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki nchini, ipo. Mwandikie mtayarishaji au msambazaji barua fupi: tarehe, ukumbi, idadi ya watazamaji, kama kuna kiingilio au hakuna, na faili unalohitaji. Watayarishaji wa hapa nyumbani wakisikia ni wanafunzi mara nyingi hupunguza bei, na wengine huja wenyewe kujibu maswali. Akija, mpe dakika zote 25 za mazungumzo, na mkuu wa shule asitoe hotuba.

Sasa faili lenyewe, na hapa kaa chini usikilize, maana ndipo ziara nyingi huharibika. Projekta ya ukumbi wa kisasa inacheza filamu iliyofungwa kwa mfumo uitwao DCP, ambao ni folda kubwa, mara nyingi zaidi ya gigabaiti 100, inayoletwa kwenye diski na kupakiwa kwenye seva ya ukumbi. Kuipakia kunaweza kula saa kadhaa. Ukifika nayo mkononi asubuhi ya ziara umechelewa. DCP ikiwa imefungwa kwa ufunguo, ufunguo huo hutengenezwa kwa ajili ya seva moja na kwa muda maalumu, kuanzia tarehe na saa fulani hadi fulani. Ukumbi ukikuhamishia skrini namba 3 kutoka namba 1, ufunguo unakataa. Ukianza kabla ya saa iliyoandikwa, unakataa pia. Kwa hiyo mtayarishaji apewe namba halisi ya seva ya skrini mtakayotumia, na omba ufunguo uanze kufanya kazi angalau siku mbili kabla ili majaribio yawezekane.

Mtayarishaji mdogo huenda hana DCP, ana faili la kawaida la video. Uliza mapema kama chumba cha projekta kinapokea kompyuta kwa waya wa HDMI. Kikipokea, nenda siku mbili kabla na kompyuta ileile utakayotumia. Cheza dakika tatu za mwanzo, mbili za katikati na tatu za mwisho. Zima taarifa za WhatsApp, weka kompyuta isilale, na faili liwe ndani ya kompyuta, si kwenye flashi.

Katika jaribio hilo sikiliza kitu kimoja hasa: je, unasikia muziki vizuri lakini wahusika wanafungua midomo bila sauti, au sauti zao ziko mbali kama wamo kisimani? Faili lina sauti ya njia sita, na maneno ya wahusika yamewekwa kwenye njia ya katikati. Spika zinazopokea njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia, zinaitupa ile ya katikati. Kuongeza sauti hakusaidii, kunapandisha muziki tu. Dawa ni kuomba toleo la sauti ya njia mbili, au kuweka programu ya kuchezea video ichanganye njia zote kuwa mbili. Ni kazi ya dakika moja siku ya majaribio. Siku yenyewe, wanafunzi 110 wakiwa wamekaa na fundi anakuna kichwa, ni dakika 20 unazokatwa kwenye mazungumzo.

Mabasi: mawili ya viti 65 yanawatosha bila mtu kusimama. Gari likiwa daladala lenye njia yake, mwenye gari aonyeshe kibali cha safari ya kukodi kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kubalianeni kwa maandishi kuwa basi litaegeshwa palepale mpaka mtoke. Dereva ana zaidi ya saa tatu za kusubiri, na kishawishi cha kupiga tripu ni kikubwa. Akinasa kwenye foleni ya Ubungo, ninyi mnamsubiri juani. Lipa nusu mkiondoka, nusu mkishashuka shuleni. Maneno matamu hayafanyi kazi kama nusu hiyo ya pili.

Hesabu ya gharama ina mtego mmoja. Jumlisha ukumbi, mabasi, ruhusa ya filamu, maji na chakula, ongeza asilimia 10 ya dharura, kisha gawa kwa idadi ya watakaolipa, usigawe kwa idadi ya watakaokwenda. Kama kati ya 110 wapo 8 wasioweza kulipa, unagawa kwa 102. Ukigawa kwa 118 ukiwahesabu na walimu, pengo utaliziba kwa mshahara wako.

Kila mwanafunzi apewe namba yake, 1 hadi 110, na aitaje mwenyewe kwa sauti wakati wa kuhesabu. Kuhesabu vichwa hukuambia kuwa wamepungua wawili. Kuita namba hukuambia ni nani. Fanyeni hivyo getini, ndani ya basi, mkishakaa ukumbini, na kabla ya basi kuwasha injini ya kurudi. Ukumbini ingieni kwa mlango mmoja, safu ijazwe kuanzia kiti cha mbali kuja mlangoni, safu mbili za mbele ziachwe wazi kwa sababu ya shingo. Wenye uoni hafifu wakae katikati, safu ya tatu au ya nne, hasa filamu ikiwa na maandishi ya tafsiri chini. Mwalimu akae ukingoni mwa kila safu ya tatu. Walimu wakikaa pamoja nyuma wanapiga soga, na simu zao ndizo zitakazowaka kwanza gizani.

Kiyoyozi cha ukumbi si cha mchezo. Mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali kwa sababu ya baridi, kwa hiyo fomu ya mzazi iulize selimundu, pumu na kifafa, na watoto hao waje na sweta, maji na dawa zao, wakae mbali na tundu la upepo. Matroni ajue viti vyao kwa namba. Umeme ukikatika, kanuni ni moja: hakuna anayesimama, walimu wanawasha tochi kuelekea sakafuni. Hata jenereta ikiwaka upesi, projekta huweza kuchukua dakika kadhaa kurudi.

Usiwape wanafunzi karatasi za kujaza wakati filamu inaendelea. Gizani watawasha simu ili waandike. Wape kazi kabla, waandike baada. Gawa kwa basi na kwa upande: nusu ya basi la kwanza wasikilize sauti na muziki, nusu watazame mwanga, basi la pili wagawane mavazi na namna picha zinavyokatwa na kuunganishwa. Mazungumzo yakianza, swali la "mmejifunza nini" litakuletea majibu ya risala. Uliza kitu chenye jibu: mhusika huyu alipoonekana mara ya kwanza, tulimwona kwa mbali au kwa karibu, na tulisikia nini kabla hajasema?

Kama filamu imetokana na kitabu cha fasihi, kuna hatari ya kipekee. Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyosomwa miaka mingi kidato cha 5 na 6, iliongozwa na Amil Shivji kuwa filamu ya 2021. Mwanafunzi aliyeiona filamu hiyo na kusoma kitabu nusunusu ataandika kwenye mtihani tukio la skrini, na msahihishaji anasahihisha riwaya. Kwa hiyo kabla ya safari, kila mmoja aandike nusu ukurasa kutoka kitabuni: ndoa ya Yasmin na Bwana Raza, mwandishi anatueleza nini kilichomo moyoni mwa Yasmin? Siku mbili baada ya safari aandike nusu nyingine: skrini haina msimulizi wa kuingia moyoni, basi wametumia kitu gani kuuonyesha, na kipi wamekiacha? Vipande viwili vikae kwenye daftari moja, chini ya vichwa viwili, "kitabuni" na "kwenye filamu".

Shule nyingine hutamani Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililoanzishwa 1997 na linalofanyika katikati ya mwaka. Jua kwamba skrini ya wazi ya Ngome Kongwe haiwezi kuanza kabla ya giza, yaani karibu saa 1 usiku, na boti ya mwisho kwenda Dar itakuwa imeshaondoka. Hiyo ni safari ya kulala, yenye bajeti na ruhusa tofauti kabisa. Kwa mara ya kwanza tafuta maonyesho ya mchana ya ndani, au anza na bwalo la shule: nailoni nyeusi madirishani, projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 au zaidi, spika mbili zenye nguvu zilizoinuliwa juu ya vichwa vya waliokaa. Na iwe nje ya masika, kwa sababu mvua ikipiga bati hakuna spika ya kukodi itakayoishinda.