Miguu ikifa ganzi, usikimbilie kulaumu sukari

Kama mwanao anameza metfomini, dawa ya kisukari, na ameanza kulalamika kwamba miguu inamfa ganzi, omba apimwe vitamini B12, ambayo neva huihitaji, kabla mtu yeyote hajaamua kwamba sukari imeshaharibu neva. Hapa kwetu Kisumu nimekaa foleni na wazazi wengi ambao hawajawahi kuelezwa habari hiyo.

Nitenganishe mambo kwanza. Watoto wengi tunaokutana nao kliniki wana kisukari cha aina ya kwanza na wanaishi kwa insulini. Hao siwazungumzii leo. Binti yangu ana aina ya pili, ile tuliyozoea kuiona kwa watu wazima, na metfomini ndiyo aliyoanzishiwa. Marekani iliidhinisha dawa hii kwa watoto wa miaka 10 na zaidi mwaka 2000. Ni dawa nzuri, na sukari yake ilitulia.

Shida ni kwamba B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na metfomini hupunguza ufyonzaji huo. Kwa kawaida ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu huja polepole, na hatari hukua dozi ikiwa kubwa na miaka ikisonga. Waliochunguzwa zaidi ni watu wazima. Lakini mtoto anayeanza dawa akiwa na miaka 12 ana miaka mingi ya kuimeza, tena bado anakua.

Sasa tazama sahani yake. B12 inatoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Ugali hauna, sukuma wiki haina, nyoyo (mahindi na maharage) haina. Sisi ni Wasabato na nyumbani hatuli nyama wala samaki. Mtoto wa bweni naye hushinda kwa githeri na kabeji, dini yake iwe yoyote. Mtoto wa namna hiyo huenda alianza dawa akiwa na akiba ndogo tayari.

Kilichonishtua mimi ni slipa. Binti yangu alikuwa anatoka bafuni, slipa moja ikamvuka mlangoni, naye akaendelea hadi jikoni bila kuhisi kwamba mguu mmoja uko peku. Nilipomwambia atoe ulimi, ulikuwa mwekundu na laini kama uliopigwa pasi, na akaniambia chai ya moto imekuwa ikimwasha. Alikuwa pia anachoka upesi, na mwalimu wake alishasema anasahau sana.

Kliniki ya kwanza tuliambiwa ni sukari, basi. Sikuridhika, maana vipimo vyake vya sukari vilikuwa vizuri na hakuwa ameugua muda mrefu. Daktari wa watoto tuliyemwona baadaye aliagiza hesabu kamili ya damu pamoja na B12. Chembe nyekundu zilikuwa kubwa kupita kawaida, dalili mojawapo ya kukosa B12, na B12 yenyewe ilikuwa chini ya pikogramu 200 kwa mililita, kiwango ambacho maabara nyingi hukihesabu kuwa upungufu.

Kuna jambo linalotuhusu hasa sisi wa Nyanza na Magharibi. Watoto wetu wengi hupungukiwa damu kwa malaria au selimundu, na tembe za foliki tunapewa mara kwa mara. Foliki inaweza kuinua damu huku neva zikiendelea kuharibika kwa kukosa B12. Upungufu wa madini ya chuma nao unaweza kuficha ule ukubwa wa chembe. Kwa hiyo ukiambiwa "damu yake iko sawa", bado uliza B12. Na usinunue vitamini za kuchanganya pale kwa kemia kabla ya kupima, kwa sababu zitapandisha kiwango na jibu la maabara litawapoteza.

Tafadhali usimwachishe mtoto metfomini kwa sababu umesoma haya. Sukari ikipanda, hizo neva zinaumia vilevile. Binti yangu anaendelea nayo. Alichomwa sindano za B12, sasa anameza tembe, na ganzi imepungua polepole. Chakula peke yake hakingemtoa pale alipokuwa, lakini tumeongeza mayai, na mboga za kienyeji, osuga na dek, tunazilaza kwa maziwa jinsi dani, bibi yetu, alivyozipika. Kwenu mnaokula samaki, omena wa soko la Kibuye ni chanzo kizuri na cha bei nafuu.

Mkienda kliniki, mtajie daktari kila kitu mtoto anachomeza, hata omeprazoli ya tumbo, kwani nayo hupunguza B12. Uliza kipimo kirudiwe lini na uandikiwe kwenye kitabu. Na jibu likija kati ya 200 na 300 huku ganzi ipo, usiondoke na neno "kawaida": hapo ni mpakani, muulize kama kuna kipimo kingine cha kuhakikisha au kama mtoto aanzishiwe matibabu.