Dona na maharage kukinga saratani ya utumbo mpana

Dona na maharage vina nyuzinyuzi, nazo hupunguza hatari ya saratani hiyo, hazitibu. Anayesema kwamba dona na maharage "vinaua saratani" anatia chumvi. Nyuzinyuzi hatuzimeng'enyi sisi. Huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, nao hutoa butireti, chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo. Jaribio lililochapishwa 2015 liliwabadilishanisha mlo Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini wa vijijini 20 kwa wiki mbili tu, Wamarekani wakala mlo wa kijijini wenye nyuzinyuzi nyingi na wenzao mlo wa Kimarekani: butireti ya Wamarekani ikapanda mara mbili na nusu, ya wenzao ikashuka. Ila hapo vilipimwa viashiria vya hatari mwilini, si idadi ya wagonjwa. Na wenye tatizo la Lynch, kasoro ya kurithi inayoongeza sana hatari ya saratani ya utumbo, walipopewa kwa siku gramu 30 za wanga sugu (wanga usiomeng'enywa, unaofika kwa bakteria kama nyuzinyuzi), saratani ya utumbo haikupungua.

Kwa hapa Mwanza: dona badala ya sembe, maharage, mchicha, michembe pia. Ongeza kidogo kidogo na maji ya kutosha, vinginevyo tumbo litajaa gesi na utaacha ndani ya siku tatu. Ukiona damu kwenye choo, nenda ukapimwe, usingojee mlo ufanye kazi.