Maswali ya Wasomaji: Nimebaki na Mungu, nimeacha dini. Je, nimekosea?

Swali: Mimi ni Mkatoliki, muuguzi, na mkazi wa Mwanza. Mwaka jana niliacha kwenda kwenye jumuiya ndogo ndogo, na baadaye hata misa ya Jumapili ikawa ya kubahatisha. Sala sikuiacha. Kabla ya kwenda zamu nasoma Injili, jioni nasali rozari, na kwa kweli sala yangu ya sasa ina utulivu kuliko ile ya jumuiya, ambako nusu ya muda huishia kwenye kusoma majina ya wasiotoa michango. Mwenyekiti wetu ametangaza kwamba asiyehudhuria hataandikiwa barua ya ubatizo wa mtoto, na mwenye deni hatazikwa na Kanisa. Mama analia, ananiuliza, "Mwanangu, utazikwa na nani?" Mimi naona nimebaki na Mungu, nikaacha dini. Je, nimekosea?

Jibu: Dada yetu, kwanza tuliondoe suala la mazishi, maana limekutisha wewe na kumliza mama bure. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kikanisa: wanaojulikana kuwa wameiasi imani, waliochagua maiti zao zichomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangekuwa kwazo kwa waamini, na hata hao hunyimwa tu iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Deni la mchango wa ujenzi halimo. Kanuni ya 1181 inaagiza maskini wasikose mazishi yanayostahili, na ile ya 848 inaagiza vivyo hivyo kuhusu sakramenti. Ni kweli kwamba kanuni ya 222 inawadai waamini walisaidie Kanisa katika mahitaji yake, kwa hiyo michango si uzushi wa mwenyekiti wenu. Uzushi ni adhabu aliyoiambatanisha nayo. Mpelekee paroko jambo hilo, tena kwa maandishi.

Barua ya ubatizo ni habari nyingine. Kanuni ya 868 inataka pawepo tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki, na katika parokia yenye maelfu ya waamini paroko hana njia nyepesi ya kuzijua nyumba zote, ndiyo maana huwauliza majirani wanaosali pamoja nawe. Hapo sioni dhuluma.

Sasa tuje kwenye kiini cha barua yako. Unasema umebaki na Mungu ukaacha dini, lakini ukikitazama ulichobaki nacho utaona kwamba karibu chote umekipokea kutoka dini hiyo hiyo. Rozari hukuitunga wewe. Injili unayoisoma alfajiri ilinakiliwa, ikatunzwa, ikatafsiriwa na kusomwa kwa sauti na watu wengi kwa karne nyingi kabla haijafika nyumbani kwako, na sina shaka kwamba wengi wao walikuwa wakigombana kuhusu fedha. Bwana Yesu aliyefundisha kuingia chumbani na kufunga mlango ndiye huyo huyo ambaye Luka anasema aliingia katika sinagogi siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake, ingawa unafiki wa baadhi ya waliokuwamo aliujua vizuri kuliko unavyoujua wewe wa jumuiya yenu.

Jumuiya zenyewe hazikuanzishwa kwa ajili ya daftari la michango. Maaskofu wa ukanda wetu, katika mikutano ya AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, ya mwaka 1973 na 1976, walizipa kipaumbele kwa sababu walitaka maisha ya Kanisa yaote mizizi pale watu wanapoishi na kufanya kazi, yaani mtaani, katika nyumba chache zinazofahamiana. (Wasomaji wenye umri watawakumbuka mabalozi wa nyumba kumi, na huenda ndiyo sababu baadhi ya wenyeviti wa jumuiya hujiona mabalozi hadi leo.)

Wewe ni muuguzi, na sihitaji kukueleza wodi inavyokuwa saa ya kutazama wagonjwa. Wanaingia akina mama watatu au wanne wenye vitenge, mmoja ameshika chupa ya uji, mwingine amebeba nguo zilizofuliwa. Wanaimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini ili wasifukuzwe, wanasali haraka, wanaacha noti chache chini ya mto, wanaondoka. Kitanda cha pili yake kuna mgonjwa ambaye uji wake hauletwi na mtu. Kati ya wale akina mama huenda yumo ambaye hampendi hata kidogo mgonjwa aliyekwenda kumwona, ila zamu ilikuwa yake. Mimi nadhani zamu hiyo ndiyo kitu ambacho sala yako ya peke yako, pamoja na utulivu wake wote, haijakudai. Ukiwa peke yako unachagua saa, unachagua somo, unanyamaza unapochoka, na hakuna jirani mwenye maneno mengi wa kukaa naye benchi moja. Utulivu unaoupata hapo ni halali yako, wala usiuache; lakini bado hujajua kama utastahimili kelele za watu, na maisha ya kiroho yasiyopita kwenye kelele za watu mimi huyatilia shaka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba urudi, na urudi na hoja. Omba mambo ya fedha yawekwe mwisho, baada ya tafakari ya Neno, na mweka hazina amfuate kila mwenye deni kando badala ya kumsoma hadharani. Waeleze kuhusu zamu zako za usiku ili kutokuwapo kwako kusihesabiwe utoro. Na mama umwambie habari ya kanuni ya 1184 leo hii.

Swali: Nina miaka 23, nauza viatu sokoni Tanga. Ustadhi alitufundisha kwamba swala isiyo na khushui, yaani unyenyekevu na utulivu wa moyo, ni kama mwili usio na roho. Yangu ni ya mbio na mawazo yote yako kwenye mauzo, hasa alasiri, ambayo mara nyingi inanipita. Si bora niache kuswali kwanza hadi moyo utulie?

Jibu: Hapana, kijana wetu. Wajibu wa swala hauanguki kwa sababu moyo umetawanyika. Imamu Ghazali, ambaye katika kitabu chake Ihya amesisitiza mno kuhudhuria kwa moyo ndani ya swala, aliyajua maradhi haya kwa nafsi yake: mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri wa chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad, aliikagua nia yake akaona kwamba anafundisha kwa ajili ya jaha na sifa. Alichokiacha ni cheo. Swala hakuiacha, aliondoka akaitafuta vizuri zaidi.

Tena Surat Maun, inayowaonya wanaoswali hali wameghafilika na swala zao, inawaunganisha papo hapo na wanaojionyesha na wanaowanyima wenzao msaada mdogo, ambao wafasiri wa kale waliutolea mfano wa kuazimana chungu, ndoo au shoka. Basi usiipime swala yako kwa utulivu peke yake. Angalia pia kama muuza mikoba wa jirani akikuomba chenji au umwangalizie meza, unakubali au unajifanya hukusikia.

Kwa upande wa mbio, anza na alasiri. Funika meza kabla ya adhana, simu ya miamala uizime kabisa badala ya kuiacha ikitetemeka mfukoni, na usome sura fupi ambazo maana yake umeshajifunza. Mwombe huyo huyo muuza mikoba akuangalizie viatu, nawe umwangalizie yeye magharibi.