Nimechora oda inavyotembea, bado tunapishana

SWALI: Shikamoo dada. Tuna karakana ya fanicha huku Keko, tuko saba. Nilichora kwenye kompyuta oda inavyotembea toka mteja anapokuja mpaka kirikuu inapobeba mzigo, maboksi kama arobaini hivi na rangi sita, nikaprinti nikabandika ukutani. Kwenye boksi la "Pokea oda" inatoka mishale miwili, mmoja "Pokea advansi" mwingine "Nunua mbao". Juzi mnunuzi kaleta mninga wa kitanda ambacho mteja hajatoa hata mia, na mteja keshaghairi. Namuuliza ananijibu si ndo ulivyochora? Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, mninga sio mbao ya kukaa nayo bure. Ila mnunuzi wako yuko sahihi. Kwenye BPMN, hizi alama za kuchorea michakato (toleo la 2.0 lilitoka 2011, na 2013 likawa kiwango cha ISO), mishale miwili ikitoka kwenye boksi moja bila kitu katikati maana yake zote zinaanza kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzie. Futa ule mshale wa kutoka "Pokea oda" kwenda "Nunua mbao", alafu baada ya "Pokea advansi" weka almasi, lile umbo kama kipande cha kashata, ndani yake alama ya X, juu andika "Advansi imeingia?", ndiyo iende kununua mbao, hapana iende kwenye boksi la "Mkumbushe mteja". Ukiweka jumlisha badala ya X umerudi kulekule, njia zote zinaenda.

Rangi toa zote. Duara la mstari mwembamba ni mwanzo, la mstari mnene ni mwisho, na kila boksi lianze na kitendo. Alafu gawa karatasi kwa leni, yaani safu ndefu moja kwa kila mhusika, ya anayepokea oda, ya mnunuzi, ya seremala, ya wa vanishi, kila mtu ajione. Mteja msimweke kwenye leni zenu maana hamumpangii kazi, ye anakaa kwenye boksi lake nje na mishale yake inakuwa ya mstari wa kukatakata.

Maboksi arobaini ni mengi mno kwa ukuta. Msasa, sila na vanishi viweke kwenye boksi moja la "Malizia" lenye kijumlisha kidogo chini, undani wake uchore karatasi nyingine. Tovuti ya kuchorea, bpmn.io, ni bure na inafunguka kwenye brauza, ila kabla ya kuprinti chora kwa chaki kwenye plaiwudi mafundi wakiwepo, mpe wa vanishi asimulie oda ya jana huku anafuata mishale kwa kidole, akikwama tu hapo futa mchore upya.